Wahusika Wasio na Pa Kutokea

Hadithi nyingi za waandishi chipukizi hukwama pale pale: wahusika wawili wanagombana ukurasa wa tatu, mmoja anabeba mkoba wake na kuondoka, kisha mwandishi anahangaika kutafuta namna ya kuwakutanisha tena. Watunzi wazoefu hufanya kinyume. Humnyima mhusika njia ya kutokea.

Adam Shafi ni bingwa wa mbinu hiyo. Katika riwaya yake ya Vuta N'kuvute (1999), Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri mkubwa, anatoroka ndoa hiyo, na jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mkazi wa Ng'ambo, Zanzibar. Yasmin anaifahamu Ng'ambo na watu wake kwa sababu hana pengine pa kulala. Katika riwaya ya Haini (2003), mhusika Hamza anabanwa gerezani. Shafi mwenyewe aliwahi kuwekwa kizuizini baada ya Rais Abeid Karume kuuawa, Aprili 1972. Said Ahmed Mohamed naye, katika tamthiliya ya Amezidi, amewaweka Ame na Zidi pangoni. Mwingereza Agatha Christie naye aliikwamisha treni kwenye theluji katika riwaya yake ya mwaka 1934, muuaji akiwa ndani pamoja na abiria wengine.

Pwani haina theluji, lakini ina kambi ya JKT Ruvu, wilayani Kibaha. Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa Julai 10, 1963, likakusanya vijana wa makabila na dini mbalimbali. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa mwaka 1994, yakarejeshwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Mtunzi atafute wapi kizuizi kizuri kuliko hicho?

Tuseme makuruta wawili wamepangwa hanga moja, huyu kitanda cha juu, yule cha chini. Mmoja katokea Masaki ya Dar es Salaam, mwingine Masaki ya Kisarawe. Hawasalimiani. Alfajiri filimbi inalia, na yule wa mjini hajui kutandika kitanda anavyotaka afande. Kitanda kimoja kikiharibika, hanga zima linaruka kichura. Mwenzake anamsukuma pembeni, anavuta shuka, anakunja pembe, anaondoka bila kusema neno. Hajafanya hivyo kwa huruma; magoti yake bado yanauma kwa adhabu ya jana. Siku ya pili yule wa mjini anaamka kabla ya filimbi, anajaribu gizani, anakosea, anaanza upya. Msomaji ameshawajua wote wawili, na mwandishi hajaandika popote kwamba huyu ni mkaidi au yule ana aibu.

Mahali pengine ni pengi. Minaki, Kisarawe, ni shule ya bweni yenye historia ndefu: Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamia hapo mwaka 1925 kikitokea Kiungani, Zanzibar. Kibaha kwenyewe kuna sekondari iliyozaliwa ndani ya mradi wa nchi za Nordic, ambao Tanzania ilikabidhiwa mwaka 1970. Na kuna nyumba za kupanga: korido moja, choo kimoja, mita moja ya LUKU. Hapo hakuna mlinzi getini, ila kodi ya miezi sita imeshalipwa na mwenye nyumba harudishi. Ugomvi wa nani anapiga pasi kwa umeme wa wenzake unatosha kubeba sura nzima.

Lakini wengi huiharibu mbinu hii kwa kudhani kwamba kulala chumba kimoja kunatosha kuzaa mapenzi. Yasmin alikaa na mumewe nyumba moja, na hakumpenda. Shafi aliliona hilo, akamfungulia njia ya kutoroka. Kubanana humfunua mtu alivyo, na pengine alivyo hapendeki. Mtunzi anayewalazimisha wahusika wake wapendane baada ya usiku mmoja wa mvua amewadhulumu, hasa pale mmoja anapomwogopa mwenzake.

Basi wewe unayeandika, uwe Mlandizi au Mzenga, kabla ya mazungumzo ya kwanza jibu swali moja: kwa nini huyu haondoki? Kama jibu halimridhishi hata jirani yako uliyemsomea, rudi kalitengeneze kwanza, ndipo uendelee na sura ya pili.