Kutoga Masikio na Pua: Tundu ni Kidonda

Mwezi huu tutazungumzia jambo ambalo familia nyingi hulifanya bila kulihesabu kuwa ni upasuaji: kutoga masikio, na siku hizi hata pua.

Kwa Wamasai wa Ngorongoro ni desturi ya tangu zamani. Mtoto hutogwa sehemu ya juu ya sikio, na pia ndewe, ambayo tundu lake hupanuliwa pole pole kwa vijiti mpaka liweze kubeba mapambo. Huko pwani akina mama wamevaa kipini puani kwa vizazi vingi. Hata katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, tunasoma kuwa Rebeka alivalishwa pete ya pua. Hapa Karatu, mji wanaoupitia watalii waendao kreta, vijana nao huiona pete inayovaliwa katikati ya pua, katika ule ukuta unaogawa matundu mawili, na wapo wanaotamani kuivaa.

Kama kijana aruhusiwe au akatazwe, hilo ni la kuzungumza nyumbani. Ninalotaka kila mzazi alijue ni hili: siku ya kwanza tundu si pambo, ni kidonda. Lihudumiwe kama kidonda.

HATARI IKO WAPI?

Hatari ya kwanza ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika kinyesi cha wanyama, kwa hiyo katika boma la ng'ombe vipo kwa wingi. Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia. Mara nyingine kidonda kimekwisha kukauka, na wazazi hawakumbuki tena sikio lililotogwa. Taya hukaza, shingo hukakamaa, na mwili hushtuka kwa kelele ndogo tu, huku mgonjwa ana akili zake timamu. Ugonjwa huu huua hata mgonjwa akiwa hospitalini.

Wengi husema, "Tumechemsha sindano." Kuchemsha ni kuzuri kuliko kutofanya lolote, lakini mbegu za pepopunda hustahimili maji yanayochemka, na spiriti pia haiziui. Hospitalini tunaziua kwa mvuke wenye shinikizo, wa joto la nyuzi 121. Kwa hiyo kinga ya kweli ni mbili: chanjo, na sindano mpya iliyofunguliwa kwenye pakiti mbele ya macho yako.

Hatari ya pili ni magonjwa ya damu, yaani virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya B. Virusi vya homa hii ya ini huweza kuishi nje ya mwili kwa muda wa siku 7 au zaidi. Sindano, mwiba au kisu kimoja kisipite kwa watoto wawili, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.

KABLA YA KUTOGA

1. Angalia kadi ya chanjo. Mtoto huchanjwa dhidi ya pepopunda na homa ya ini akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ni vema kumtoga baada ya kumaliza chanjo hizo. Kwa watu wazima, akina mama wengi wamepata chanjo ya pepopunda kliniki walipokuwa wajawazito. Akina baba na vijana wa kiume hawakupita huko. Nao waulize zahanati.

2. Atoge mtu aliyefundishwa, aliyenawa mikono na kuvaa glavu mpya. Ile mashine ndogo inayopiga hereni kama bastola isitumike puani wala juu ya sikio. Huponda gegedu, na nyingi haziwezi kusafishwa kwa mvuke.

3. Gegedu ni ile sehemu ngumu ya sikio na ya pua. Ina damu kidogo, hivyo hupona polepole, na ikiingia usaha huweza kuoza na kubadili umbo la sikio au pua kwa maisha yote. Pete ya katikati ya pua hupitishwa kwenye ngozi nyembamba iliyo mbele ya gegedu, si kwenye gegedu lenyewe. Kupapata mahali hapo kunahitaji mkono uliozoea, si kioo na sindano ya kushonea.

4. Kama katika ukoo wenu makovu huota nyama na kukua, fikiri mara mbili. Tundu dogo laweza kuleta uvimbe mkubwa.

KUTUNZA TUNDU

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuligusa. Chemsha maji, chukua kikombe kimoja, tia chumvi robo ya kijiko cha chai, acha yapoe. Osha kwa maji hayo mara mbili kwa siku. Usipake samadi, majivu, samli wala dawa ya meno. Usizungushe hereni, na magamba yakikauka yalainishe kwa maji badala ya kuyabandua.

Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8. Pua na gegedu huchukua miezi kadhaa, na juu ya sikio huweza kufika mwaka. Wanaopanua ndewe wasianze kabla haijapona kabisa, na waongeze kidogo kidogo. Mti uwe laini, usio na vibanzi. Unapokwenda mashine ya kusaga au kukata kuni, vua mapambo yanayoning'inia. Ndewe iliyochanika daktari anaweza kuishona.

NENDA ZAHANATI UPESI UKIONA

– wekundu au uvimbe unaoenea, usaha, au homa;
– sikio la juu kuwa la moto na kuuma sana;
– pua kuziba na kuvimba ndani baada ya kutogwa;
– taya kukaza au kumeza kwa shida. Hii ni dharura, usingoje kesho.

Usaha ukitokea, usikimbilie kutoa hereni mwenyewe. Tundu likiziba, usaha hubaki ndani. Muuguzi aone kwanza.

Wazazi, kijana anayeogopa kugombezwa huficha kidonda mpaka kinanuka. Mtoto wako akirudi na pua imetogwa, kwanza angalia kama ni salama, kisha mpeleke akachanjwe. Maneno mengine yatafuata baadaye.