Kahawa ya Kutafuna na Kinywa Kikavu

Katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa mgeni akiisha kuketi huletewa kahawa. Wala si ya kunywa, bali ya kutafuna. Buni huchumwa hazijaiva sana, huchemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha hukaushwa. Wenyeji huziita akamwani. Ni desturi ya heshima. Hata waliofanya undugu wa kuchanjiana zamani waligawana punje mbili za tunda moja.

Mgeni aliyetoka mbali huja na kinywa kikavu. Akitafuna buni, mate humjaa. Sababu yake nini? Mwenyezi Mungu ametuwekea jozi tatu za tezi kubwa za mate, nazo huamshwa na kutafuna, tena na ladha, kama uchungu wa buni au ukali wa ndimu na ukwaju. Kwa siku moja mtu mzima hutoa mate yapata lita 1. Mate hulainisha chakula, huanza kukiyeyusha, tena huyalinda meno yasioze.

Lakini yafaa wazazi na walimu wajue mpaka wa dawa hii. Mzee ambaye kinywa chake hukauka kila siku, ana kiu isiyokoma, na usiku huamka mara nyingi kukojoa, msimtulize kwa buni. Huenda ana ugonjwa wa kisukari. Na apelekwe hospitali, kama ile ya Nyakahanga, akapimwe damu. Wengine hukaushwa kinywa na dawa wanazotumia. Hao wasiziache kwa shauri lao wenyewe, bali wamwulize daktari.

Tena mtoto anayeharisha hata kinywa kikakauka, hakupungukiwa na mate tu, amepungukiwa na maji mwilini. Huyo asipewe buni kamwe. Apewe maji yaliyochanganywa na dawa ya pakiti ya kuharisha, kidogo kidogo, akipelekwa zahanati upesi.

Pipi nazo huleta mate, lakini sukari yake huozesha meno, hasa katika kinywa kikavu. Afadhali kunywa maji mara kwa mara.

Basi, tuishike desturi njema ya kumkaribisha mgeni kwa akamwani. Lakini kinywa kinapokauka siku baada ya siku, tusikinyamazishe. Kinatupa habari za mwili mzima.