SANDUKU LINALOPIMA CHOMBO CHA KUSIKIA



Mzee mmoja wa hapa Mbebe alikuja kwangu na chombo cha kusaidia kusikia. Chombo hicho huitwa shimesikio. Kijana wake alikuwa amekinunua kwa mchuuzi mjini. Nilimwamkia kwa sauti kubwa, "Shikamoo babu!" Akaitikia, kisha akasema, "Daktari mwanangu, kitu hiki kinapiga kelele kichwani, lakini maneno siyasikii." Alikuwa amekivaa siku tatu tu, akakifunga kwenye kitambaa.

Mzee hakukosea. Ndani ya shimesikio mna maikrofoni ndogo inayopokea sauti. Betri hutoa nguvu ya kuikuza. Kisha spika ndogo huitoa sikioni. Lakini kukuza sauti zote sawasawa hakutoshi. Wazee wengi husikia ngoma, lakini hawasikii ndege. Yaani sauti nene zinawafikia, sauti nyembamba haziwafikii. Herufi kama f, s na sh zina sauti nyembamba. Mwambie mtu wa namna hiyo "fika", atauliza kama umesema "shika". Yeye anahitaji chombo kinachokuza zaidi sauti nyembamba.

Je, mtaalamu atajuaje kwamba chombo kinafanya hivyo? Akikipima mahali penye kelele, chombo kitakuza kelele nazo: mashine ya kusaga, jogoo, mvua juu ya bati. Hata kuta hudanganya. Ingia katika nyumba mpya isiyo na kitu, upige makofi. Sauti inakurudia. Huo ni mwangwi. Chumba hicho kikijaa magunia ya mahindi, piga makofi tena. Mwangwi umekwisha, magunia yameumeza.

Basi wataalamu walitengeneza sanduku la kupimia. Kuta zake ni nene, na ndani limewekwa sponji ya kumeza sauti. Mfuniko wake unafunga vizuri. Shimesikio huwekwa humo, likiwa limeunganishwa na kijichumba cha chuma kilicho badala ya tundu la sikio. Nafasi ndani ya kijichumba hicho ni sentimita 2 za ujazo, haifiki nusu ya kijiko cha chai. Spika ya sanduku hupiga sauti, kuanzia nene mpaka nyembamba. Maikrofoni iliyo katika kijichumba hupima sauti inayotoka, na mashine huchora mstari. Mtaalamu huulinganisha mstari huo na mahitaji ya sikio la mgonjwa.

Ukali wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Sandukuni, chombo hupigiwa pia sauti kali ya desibeli 90, ili ionekane kinafika wapi. Hapa ndipo penye hatari. Chombo kikali mno kinaweza kuharibu hata usikivu mdogo uliobaki. Kwa hiyo usimpe mtoto chombo cha babu yake.

Viko pia vyumba vizima vya namna hii. Kimoja ni cha kampuni ya Microsoft, huko Redmond, Marekani. Mwaka 2015 kilipimwa kikaonekana kina desibeli 20.35 chini ya sifuri. Sifuri yenyewe ni sauti ndogo ambayo sikio zima la kijana husikia kwa shida! Mtu akikaa humo husikia moyo wake ukipiga. Mimi nisingekaa.

Nilimtazama mzee masikio kwa tochi. Sikio la kulia lilikuwa limezibwa na nta. Hakuna aliyelitazama kabla ya kumuuzia chombo. Nilimpa matone ya kulainisha nta, na nikamkataza kuchokoa kwa njiti. Pia nilimwambia asikivae chombo kile kwanza. Akishauza mahindi ataenda hospitali ya rufaa kwa mganga wa masikio, apimwe usikivu. Kile chombo atakichukua vilevile, aulize kama kinaweza kupimwa.