Kaske imekufa upande mmoja: mambo ya kuangalia mbele ya kutoa dola 15

Upande mmoja wa kaske unalia, mwingine umenyamaza. Kwa kijana wa Bukavu, Butembo ao Lubumbashi mwenye kucheza Free Fire jioni na kusikiliza muziki njiani kuelekea masomoni, hiyo ni hasara ya kweli. Dola 10 ao 15 za kununua nyingine si feza ndogo: zingeweza kulipa mega za intaneti na usafiri wa siku nyingi. Akichagua vibaya, hakuna wa kumrudishia.

Anzia kwa fundi

Mara nyingi kilichokufa ni waya tu. Unakatika ndani, karibu na fisha, pale unapokunjwa kila siku. Cheza wimbo, kisha tikisa waya polepole karibu na fisha. Kama sauti inarudi na kupotea, ugonjwa uko hapo. Fundi wa telefoni anaweza kukata sehemu hiyo na kulehemu fisha mpya. Kama hairudi hata kidogo, jaribu kaske kwenye telefoni nyingine: pengine ni tundu la telefoni yako lililojaa vumbi.

Waya ao Bluetooth?

Kwa muziki peke yake, Bluetooth inafaa. Kwa michezo ni jambo lingine. Kaske nyingi za Bluetooth za bei ya chini zinachelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Katika wimbo hutasikia tofauti, lakini katika mchezo wa risasi adui anakupiga kwanza, mlio unakuja nyuma. Tena, ukifungua mikrofoni ya Bluetooth ili kuongea na wenzako, mara nyingi ubora wa sauti unashuka na kuwa kama wa simu ya kawaida.

Kaske ya waya haina shida hizo, wala haihitaji kuchajiwa. Katika mitaa ambamo umeme unakatika kila mara, hiyo ni faida kubwa. Kwa mwenye feza kidogo anayetaka michezo na muziki kwa pamoja, waya ndiyo chaguo la kwanza.

Soma fisha, usisome boksi

Hesabu miviringo kwenye fisha ya milimita 3.5. Miwili maana yake ni kaske ya kusikiliza tu. Mitatu, kwa kawaida, maana yake kuna mikrofoni. Manete za PlayStation 4 na 5 zina tundu la fisha hiyo. Lakini ordinatere nyingi za zamani zina matundu mawili, moja la sauti na moja la mikrofoni, kwa hiyo utahitaji waya wa kugawanya. Telefoni isiyo na tundu la duara inaomba adapta ya USB-C. Ijaribu dukani, kwa sababu si kila adapta inakubali kila telefoni.

Usidanganywe na maandishi ya « 7.1 » kwenye kaske ya fisha hiyo. Waya wake unabeba sauti mbili tu: ya kushoto na ya kuume. Kitu chenye maana zaidi ni namba ya ohm: kati ya 16 na 32 inafaa kwa telefoni.

Jaribu mbele ya kulipa

Beba telefoni yako na wimbo unaoujua vizuri. Rumba yenye sebene inasaidia: gita zisikike wazi, besi isizifunike. Hakikisha kushoto ni kushoto na kuume ni kuume, maana katika mchezo ndiko unakojua hatua za adui zinatoka wapi. Rekodi sauti yako uisikilize. Vaa kaske dakika kumi. Ikibana kichwa dukani, nyumbani itabana zaidi.

Linda masikio

Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Ikifika 90, ni saa 4 tu. Kaske inayofunika sikio vizuri inazuia kelele za inje, na hivyo hulazimiki kupandisha sauti. Ila ukivuka barabara penye pikipiki, iteremshe shingoni. Waya fundi atalehemu; sikio lililoharibiwa na kelele, hapana.