Shingo isiyo na kovu mbele ya tume ya madaktari

Askari aliyekatwa mguu akiingia mbele ya tume ya madaktari, kinachobaki kujadiliwa ni kiasi cha malipo. Anayemfuata ana shingo isiyogeuka. Anaingia kwa miguu yake miwili, hana kovu, na picha yake ya eksirei imeandikwa kuwa haina tatizo. Huyu ndiye anayerudi nyumbani Kamenge, hapa Bujumbura, na asilimia ndogo ya ulemavu, au bila asilimia yoyote, kisha anatuuliza sisi tunaotibu viungo kama inafaa kukata rufaa.

Mara nyingi inafaa. Lakini rufaa za shingo na mgongo huanguka kwa sababu mwenye nayo anapeleka maumivu, wakati tume inataka mambo mawili mengine: kwamba madhara yalitokana na kazi ya kijeshi, na kwamba leo kuna shughuli ambazo mwili hauziwezi.

Jambo la kwanza lina historia ndani yake. Askari wa zamani tunaowaona Bujumbura ni wa namna mbili. Kuna waliopigana vita vya ndani vilivyoanza mwaka 1993, wawe wa jeshi la zamani au wa msituni, ambao kuwarudisha uraiani kulianza Desemba 2004, miaka minne baada ya mkataba wa amani wa Arusha. Na kuna waliokwenda Somalia kulinda amani. Burundi ilipeleka kikosi chake cha kwanza Mogadishu Desemba 2007, ikabaki huko hadi ATMIS, ujumbe wa Umoja wa Afrika, ulipofikia mwisho wake mwishoni mwa 2024.

Mpiganaji wa msituni, awe wa Kibira au Rukoko, hakuandikwa kwenye daftari la zahanati yoyote. Alibebwa na wenzake, akalala majuma kadhaa, akaendelea. Ushahidi wake ni watu, na watu wanazeeka na kuhama. Kwa hiyo kabla ya kutafuta kipimo cha bei ghali, namshauri amtafute kamanda wake au aliyembeba, amwombe aandike maelezo na kuyatia saini: mahali gani, mwezi gani, nini kilitokea, majeruhi aliacha kufanya nini tangu siku ile. Barua ya mtu aliyeshuhudia gari likipinduka ina uzito kuliko barua kumi za majirani wanaosema jamaa anateseka.

Wa Somalia ana shida ya kinyume. Karatasi zipo, ila zimetawanyika. Majeruhi wazito walisafirishwa hadi Nairobi, na ripoti za huko ziliandikwa kwa Kiingereza. Tume yetu inafanya kazi kwa Kifaransa, na mwenye ripoti anazungumza Kirundi na Kiswahili. Nimekutana na faili ambamo ukurasa wa daktari wa upasuaji, ulio muhimu kuliko yote, umewekwa nyuma kabisa bila tafsiri. Ni kama haupo.

Sasa mwili wenyewe. Shingo ina pingili 7, na neva hutoka kati yake kuelekea mikononi. Mlipuko chini ya gari hurusha kichwa mbele na nyuma kwa nguvu ambayo diski na mishipa inayofunga pingili haikuumbiwa. Eksirei huonyesha mifupa; diski na neva haionyeshi. Ndiyo maana picha isiyo na dosari haimaanishi shingo nzima.

Hata MRI, inayoonyesha diski, si rungu la kushindia kesi. Mwaka 2015 watafiti walichapisha majumuisho ya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 wasiokuwa na maumivu ya mgongo: dalili za diski kuchakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Daktari wa tume analijua hilo. Ukimwonyesha diski iliyochakaa ukiwa na miaka 50, atajibu kwamba ni umri, na hatakuwa amekuonea. Kinachomfunga ni ulinganifu. Neva inayotoka kati ya pingili ya 5 na ya 6 ya shingo huhudumia kidole gumba. Ikiwa MRI inaonyesha diski ya hapo imebana neva, na ganzi iko kwenye gumba hilohilo, na misuli ya mkono huo imepungua, na mashahidi wanasema vitu vilianza kumdondoka baada ya tukio, basi umri peke yake haujibu hoja.

Jambo la pili, la kile ambacho mwili hauwezi, linapimwa kwa nyuzi. Wamarekani wameweka hadharani jedwali lao la asilimia za ulemavu wa askari wa zamani, na tangu 2003 linasema hivi: shingo nzima huinama mbele nyuzi 45; ikiishia kati ya 30 na 40, ni asilimia 10; ikivuka 15 bila kupita 30, ni asilimia 20; ikiishia 15 au chini yake, ni asilimia 30. Jedwali hilo halitufungi Burundi. Naliheshimu kwa sababu linamlazimisha daktari atoe kipima pembe mfukoni badala ya kukadiria kwa macho. Mwaka 1995 mahakama yao ya rufaa za askari wa zamani iliongeza jambo katika kesi ya DeLuca: mpimaji aeleze pia jinsi maumivu na uchovu vinavyopunguza uwezo baada ya matumizi na siku hali inapochachamaa. Mgongo unaoinama vizuri saa tatu asubuhi, baada ya usiku mzima wa kupumzika, unaweza kugoma saa tisa.

Kwa upande wa ulinzi wa amani, Umoja wa Mataifa uliweka mwaka 1997 malipo ya dola 50,000 kwa kifo cha askari wa nchi yoyote, na ulemavu ukalipwa kwa sehemu ya fedha hizo kulingana na asilimia. Kiwango kimepanda baadaye. Ujumbe wa Somalia ulikuwa wa Umoja wa Afrika na una mikataba yake, lakini penye asilimia, nyuzi chache ni pesa nyingi.

Lawama nyingine ni yetu madaktari. Tunaandika "anaumwa mgongo, anahitaji kupumzika", tunapiga mhuri. Barua hiyo haina thamani katika rufaa. Inayofaa inataja faili gani zimesomwa, nyuzi zilizopimwa, nguvu ya kila mkono, muda anaoweza kukaa au kusimama, uzito anaoweza kubeba, kisha inasema wazi kama tukio lile linaelekea kuwa chanzo, na kwa sababu gani. Ile "kwa sababu gani" ndiyo inayokosekana karibu kila mara.

Njia ya rufaa yenyewe naieleza kwa ufupi, kwani wanasheria wataieleza vizuri zaidi. Omba uamuzi kwa maandishi pamoja na sababu zake. Andikia mamlaka iliyoutoa, bakiza nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Ikishindikana, ipo Mahakama ya Utawala, ambako kuchelewa kunaweza kukufungia mlango hata kama una haki. Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya raia dhidi ya utawala, huweza kusukuma faili lililolala; haibadilishi asilimia.

Uangalie pia kama unachohitaji ni rufaa kweli. Kama tume ilipima sawasawa na hali ikawa mbaya miaka baadaye, omba upimwe upya, usiseme walikosea. Na kama miguu imeanza kulegea, mkojo hautoki au unatoka wenyewe, au kuna ganzi kati ya mapaja, acha faili mezani uende hospitali siku hiyohiyo: ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, au neva za chini ya mgongo, huenda zinabanwa, na saa chache zinaweza kuamua kama mtu atatembea.