Amoksilini: Kwa Nini Asubuhi na Jioni, Hadi Ziishe?

Mama mmoja kutoka upande wa Makere, Kasulu, alituletea mtoto wake mara mbili ndani ya wiki mbili, nimonia ileile. Mara ya kwanza alipewa amoksilini ya siku tano. Siku ya pili homa ikashuka, mtoto akacheza, na vidonge vilivyobaki mama akavifunga kwenye kitambaa amwekee mdogo wake. "Sista, si alikuwa amepona?" Swali lake ni la haki.

Bakteria ni kiumbe mdogo mno wa seli moja, aliyezungukwa na ukuta. Ndani yake maji husukuma kwa nguvu. Ukuta ukilegea, hupasuka. Ili wazaliane, bakteria hujirefusha, kisha hujenga kiambaza katikati na kuwa wawili. Ujenzi huo hufanywa na protini fulani, tuziite mafundi waashi. Baadhi huongeza ukuta wa pembeni, nyingine hushughulika na kiambaza tu.

Penisilini, na ndugu yake amoksilini, hufanana na kipande ambacho fundi hukishika anapounganisha ukuta. Huishika kwa kukosea, nayo humganda. Mwashi ambaye tofali limemganda mkononi atajenga nini? Ukuta hubaki na matundu, bakteria akapasuka. Akikamatwa fundi wa kiambaza peke yake, bakteria hurefuka kama uzi bila kugawanyika. Seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa haitubomoi. Virusi vya mafua navyo havina, kwa hiyo amoksilini kwa mafua ni dawa iliyopotea bure.

Sasa angalieni: dawa hii huua bakteria wanaojenga. Aliyepumzika anaweza kuponyoka siku hiyo. Tena dawa hutoka na mkojo baada ya saa chache. Ukiruka dozi ya jioni, ujenzi unaanza upya usiku.

Mwaka 1941, Oxford, Uingereza, askari polisi Albert Alexander alikuwa miongoni mwa wagonjwa wa kwanza kutibiwa kwa penisilini. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ilikuwa haba hata madaktari wakaitoa tena kwenye mkojo wake wamrudishie. Ilipoisha ugonjwa ulirudi, akafariki mwezi Machi. Yeye aliikosa, sisi tumeifunga kwenye kitambaa.

Kuna bakteria waliobadili umbo la fundi, dawa haimgandi tena. Wa majipu wa aina hiyo waliripotiwa Uingereza mwaka 1961, na leo wamo hata katika hospitali za Tanzania. Wengine hutoa kemikali inayoivunja dawa kabla haijamfikia fundi. Kisonono hatukitibu tena kwa penisilini kwa sababu hizo. Vidonge viwili viwili vinavyonunuliwa dukani, Kibondo kama Kasulu, huua walio dhaifu na kuwaachia wagumu nafasi.

Mtoto akikohoa, hesabuni pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, mleteni siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, msingoje kupambazuke. Na aliyewahi kuvimba uso au kutoka vipele baada ya sindano ya penisilini atuambie kabla ya kupewa amoksilini, maana ni dawa za ukoo mmoja.