Saa Mbili Haziendi Sawa: Shauri kwa Wanaonasa Sauti Nyumbani

Tuchukue mfano wa familia ya Muyinga. Binti anaolewa, na kaka yake ni askari aliye kazini Gitega, asiyepata ruhusa. Ili naye asikie, sherehe inanaswa kwa kompyuta mbili, moja karibu na wazee na nyingine karibu na waimbaji. Sauti hizo zinapounganishwa, mwanzo ni safi. Lakini baada ya saa nzima baraka za babu zasikika mara mbili, kama mwangwi bondeni.

Kosa si la mnasaji. Ndani ya kila kompyuta mna kadi ya sauti, na ndani yake kijipande cha fuwele kinachotetema na kuhesabu muda. Kadi nyingi hupima sauti mara 48,000 kwa sekunde. Hata hivyo, fuwele mbili hazitetemi sawasawa kabisa, na joto huzibadili pia. Zikitofautiana kwa sehemu 50 tu katika milioni, kwa saa moja zitaachana karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Sikio hulitambua hilo. Askari huweka saa zao sawa kabla ya kazi. Lakini kuziweka sawa asubuhi hakuzizuii kuachana kufikia jioni.

Dawa yake inafanana na desturi ya Gishora, karibu na Gitega. Katika ngoma za kifalme za Burundi, zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2014, ngoma ya kati, inkiranya, ndiyo inayoongoza. Amashakwe hushika mwendo usiokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya.

Basi, yafaa kufanya hivi:

Kwanza, ikiwezekana, vipaza sauti vyote viingie katika chombo kimoja, ili saa iwe moja.

Pili, vyombo vikiwa viwili, kimoja kifanywe kiongozi. Pigeni kofi moja kubwa mwanzoni na jingine mwishoni, likisikika kotekote. Kusogeza mwanzo tu hakutoshi: pimeni muda kati ya makofi katika kila sauti, kisha programu ya kompyuta iivute au iifupishe sauti ya pili mpaka ilingane na ya kiongozi.

Tatu, msifute sauti za awali. Kazi ya kulinganisha yaweza kurudiwa. Maneno ya mzee hayarudiwi.